Matabishi

Nyanya yangu alikuja kwetu kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Idjwi mama alipokaribia kujifungua. Alizoea Kihavu, Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka sokoni Kadutu. Muuzaji alitupimia maharage, akajaza kopo mpaka juu, kisha akachota mengine kwa mkono, akayatia kikapuni mwetu.

“Hii ni matabishi, mama muzee.”

Nyanya alishtuka, akataka kuyarudisha. Nilimvuta nguo. “Acha, nyanya. Iko yako.”

Jioni alimuuliza baba maana ya neno lile. Baba, seremala kwa Mzungu mmoja kule Nguba, alicheka.

“Patron akipenda kazi yako, anakuongezea kitu juu ya mushahara. Ile ni matabishi. Karani naye, kabla ya kukuangalia, anataka matabishi yake. Na ukoko watoto wanagombania mu sufuria, ile pia.”

“Neno moja tu?” Nyanya alilirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mama alijifungulia nyumbani, asubuhi ya mvua kubwa, mkunga wa misheni akiwa bado njiani. Alizaliwa msichana, akalia vizuri. Mimi na baba tulikuwa nje chini ya upenu, tunamshukuru Mungu, mlango ulipofunguka tena. Nyanya alisimama pale, mikono imelowa. Uso wake sikuwahi kuuona vile.

“Mungu ameongeza matabishi,” alisema.

Hatukuelewa. Akatuita ndani. Kifuani pake, chini ya kikwembe, alilala mtoto wa pili, mvulana, mdogo hata nikaogopa kumpumulia. Hakutoa sauti.

Mkunga alipofika alimpima, akamvuta baba pembeni. “Papa, huyu usimutumainie sana.”

Nyanya hakuuliza alichosema. Alikaa karibu na makaa, mtoto ngozi kwa ngozi, akimdondoshea maziwa ya mama kwa ncha ya kidole. Siku zilipita. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Dominika moja tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka misa, mama anapakua ugali, yule mvulana akalia. Hakulia kwa unyonge. Alipiga kelele hata majirani wakaja mlangoni. Nyanya alifumba macho, akamshika tu. Baba alivua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe, akasimama kama mbele ya altare. Tonge lilikuwa mdomoni mwangu, na sikuthubutu kutafuna.