Tumbili kwenye Sadaka ya Mavuno

Nilikuwa nafundisha baiolojia kwenye sekondari moja upande wa Ntobeye, na Jumapili nilikuwa mzee wa kanisa. Kazi hizo mbili ziliishi kwa amani mpaka kidato cha nne walipofika mada ya mabadiliko ya viumbe. Jioni hiyohiyo habari ilishafika kanisani, tena imenenepa: mwalimu amesema mama yake mchungaji ni nyani.

Sikusema hivyo. Nilisema binadamu na tumbili wana babu mmoja wa zamani sana, na kwamba Mungu hashindwi kuumba polepole. Lakini nani anasikiliza nusu ya pili?

Nikaitwa mbele ya wazee wenzangu. Ningekutwa na kosa, ningetengwa, na kwetu mtoto wa mtu aliyetengwa habatizwi. Binti yetu alikuwa na miezi mitatu, ubatizo wake ni Jumapili iliyofuata, na mbuzi wa sherehe ameshafungwa nyuma ya nyumba. "Nenda ukaombe msamaha kwa chochote watakachotaja," mke wangu aliniambia. Niliogopa, nakiri. Pia nilikuwa na hasira, maana hakuna hata mmoja wao aliyefungua daftari la mwanafunzi.

Kikao kilifanyika kanisani baada ya ibada ya mavuno. Mikungu ya ndizi, mahindi na kuku waliofungwa miguu vilikuwa bado mbele ya madhabahu vikisubiri mnada.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mwenyekiti.

Hakuitikia. "Mwarimu," alisema, "mimi na tumbili, undugu wetu uko wapi?"

Kabla sijajibu, tumbili akaingia kupitia dirishani. Sitanii. Alikwenda moja kwa moja kwenye sadaka, akakaa juu ya mkungu mnono, akaanza kumenya. Mzee mmoja akainua fimbo.

"Usimguse!" Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. "Huyo ni wa kwetu!"

Huku kila ukoo una muziro wake, mnyama ambaye wanaukoo hawamuui wala hawamli kwa kuwa ni ndugu. Muziro wa mwenyekiti ni tumbili. Wote tulijua tangu utotoni, ila hakuna aliyekumbuka hadi fimbo ilipoinuliwa. Tukakaa tukimtazama ndugu anakula sadaka mpaka aliposhiba na kuondoka.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwarimu, kosa lako ni kusema watu wote. Ungesema ukoo wetu tu."

Mzee wa fimbo, ambaye muziro wake ni chura, akauliza kwa uchungu kwa nini wao waachwe nje. Nikamhakikishia kwamba chura naye yumo. Alinishukuru. Hapo kesi yangu ikaisha.

Jumapili ya ubatizo, mwenyekiti mwenyewe aliomba kumpakata mtoto. Binti yangu akakamata ndevu zake, akang'ang'ania. Mchungaji ikabidi awamwagie maji wote wawili.

"Ona anavyoshika," mzee alisema, machozi yakimtoka. "Mungu ameuumba mkono huu kwa kusudi."

Nilijua mshiko ule ulikotoka: kwa akina mama wa zamani wenye manyoya, watoto wakiyashikilia wasianguke mtini. Nikafungua mdomo nieleze. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikamtazama mwanangu, amemshikilia mzee asiye hata wa ukoo wetu, na mzee hajaribu kumbandua.

"Amina," nikasema.