Barua Niliyomsomea Askari

Mwezi uliopita nilikwenda Mbale kwenye mkutano wa makanisa ndugu, yaani yetu ya upande wa Jinja, yale ya Mbale, na yale ya ng'ambo, Kenya. Mlangoni kijana mmoja mpole akanivika shingoni kadi ya plastiki yenye jina langu, akasema karibu mama, keti popote. Basi, hivyo tu. Nikaketi popote, nikawa naigeuzageuza ile kadi mpaka binti aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nimesahau miwani. Nikamwambia ni uzee. Haukuwa uzee. Zamani mgeni hakupokewa Mbale kwa urahisi namna ile, na yupo mtu ninayemjua ambaye alikwenda kwa ile njia ya zamani, hakufika.

Nitakusimulia, ila univumilie. Shule niliishia darasa la nne, na maneno yangu hutembea kama mbuzi aliyekata kamba.

Nililelewa Budondo na jaja, mama mzaa mama. Baba alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya. Aliniachia urefu huu na Kiswahili, akaenda zake. Jaja hakukipenda Kiswahili. Alikiita lugha ya wenye bunduki, na nilipokisema wakati wa kula aliniondolea sahani. Nilikihifadhi kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyekaanga mandazi pale senta, kwenye maduka ya kijiji. Yeye alinisemesha kama mtu mzima. Mandazi yake yalinukia iliki hata mwaka ule sukari ilipopotea kabisa, na maduka ya Jinja mjini yakabaki milango mitupu baada ya Wahindi kufukuzwa. Sijui iliki aliitoa wapi. Hata leo sijui.

Kanisa letu lilikuwa nyumba ya udongo yenye mabati, sakafu imesilibwa kwa mavi ya ng'ombe, na Alhamisi ikinukia jasho na moshi wa kuni. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya ushirika. Desturi yetu iliitwa kutembea nuruni: unasimama mbele ya wote, unaitaja dhambi yako kwa jina lake, kisha mnaimba. Mama fulani alitubu kuwa ameonea wivu blanketi la wifi yake. Mzee mmoja alitubu pombe ile ile kila wiki, mpaka sisi watoto tukawa tunamalizia sentensi yake kimoyomoyo.

Lakini aliyetushinda wote ni Mwalimu. Nasema mwalimu wa kanisa, si wa shule, mtu mwembamba mwenye baiskeli iliyolia kama ndege. Siku moja alisimama akatubu kwamba alimsifu mama fulani mchuzi wake wa karanga, na kumbe mchuzi uliungua. Kisha akaenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi kwa kuusifu. Yule mama alikasirika mwezi mzima. Jaja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa gomesi, lile gauni lake refu, akasema huyu mtu akiulizwa saa na shetani atamjibu sawasawa.

Sasa, desturi ya barua. Ndugu kutoka kanisa lingine alikuja na barua ya wazee wake, imepigwa muhuri wa kanisa. Kabla hajapewa maji, ilisomwa mbele ya watu wote: huyu ni fulani, anasimama vizuri, mpokeeni. Hapo nyumba zote ziligombea kumlaza. Jaja aligombea kuliko wote. Kuku walipoona mgeni anashuka kwenye baiskeli walikimbilia migombani, sikutanii.

Halafu redio ikatangaza kwamba makanisa kama letu yamefungwa. Zilikuwa ni zile siku za utawala wa jeshi. Kufuli kubwa likatiwa mlangoni. Wakubwa wetu hawakubishana. Walihamia uani kwa jaja, mchana kweupe, kila mtu na ungo wake, wakawa wanabambua karanga. Aliyepita njiani aliona watu wanabambua karanga. Nyimbo ziliimbwa midomo imefungwa, mvumo tu puani, na maganda yakipasuka ndiyo ngoma yake. Mpaka leo nikisikia ganda la karanga linapasuka nasubiri ubeti wa pili.

Mwalimu akaendelea kubatiza. Ndipo karani mmoja wa gombolola, yaani ofisi ya tarafa, akaja kumnong'oneza jaja kwamba jina la Mwalimu limeandikwa kwenye orodha ya wanaotafutwa. Ilibidi aondoke, apitie Mbale, ndugu wa Nakaloke, karibu na mji, wamvushe Kenya. Lakini Nakaloke walikuwa wameumwa mara moja. Miezi michache nyuma walimpokea mtu asiye na barua, akala kwao wiki mbili, akaimba nao, kisha akawaletea gari la askari. Tangu hapo waliapa: bila barua yenye muhuri, hakuna mlango.

Basi wazee wetu wakaandika barua. Waliiandika kwa Luganda, lugha ya kanisa, wakapiga muhuri, wakaisoma mara mbili uani kama desturi ilivyotaka. Jirani wa mandazi alikuwa amekuja kuomba moto. Alisikiliza yote, akasema, "Jamani, mnampa mtu karatasi ya kumuua." Wakamjibu kwa upole kwamba ndugu bila barua ni mtu wa barabarani tu. Akachukua moto wake akaondoka. Watu hao walikuwa makini kwa kila kitu, hata nyimbo walizifungia puani, halafu wakamfunga mtu jina na kazi yake kwenye bahasha. Hawakuona. Barua kwao ilikuwa ni mapokezi, haikuwa karatasi.

Tulisafiri watatu: Mwalimu, jaja na mimi. Jaja alinivalisha sare ya shule, ili askari wamwonee huruma mtoto wa shule. Barua ilikaa chini ya karanga kwenye kikapu changu. Basi lilijaa, na aliyekuwa mbele yetu alikuwa amempakata bata.

Mbele ya Iganga tukakuta kizuizi, tukashushwa wote. Askari aliyekuja upande wetu alikuwa kijana, kiatu kimoja hakina kamba. Alitia mkono kwenye karanga akatoka na barua. Akaigeuza huku na huku. Luganda hakujua.

"Hii iko ya nani?"

Akaitazama sare yangu. "Wewe nasoma shule. Soma. Sema kwa Kiswahili."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kilichoandikwa, nilikisikia mara mbili. Herufi zilikuwa zinaruka kama siafu waliomwagiwa maji. Nikafungua mdomo nikasoma kwamba salamu shangazi, tumesikia mgonjwa wetu amefariki Jumanne, nawatuma jaja na mjomba waje kwa mazishi, karanga hizi ni za waombolezaji, na mbuzi tutanunua huko huko. Yule mbuzi nilimwongeza mwenyewe, nikaona nimesoma vizuri. Akauliza muhuri ni wa nini. Nikasema ni wa shule yangu, mwalimu mkuu ndiye ametuandikia.

Uso wa askari ukalegea. Akamwambia jaja pole mama. Akaikunja barua, akanyoosha mkono kunirudishia. Mungu ananiona, vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuigusa. Kisha, kwa adabu tu, kama mtu yeyote anavyomfariji mwingine, akamgeukia Mwalimu.

"Pole, mzee. Marehemu alikuwa dada yako?"

Ilitosha kuinamisha kichwa. Hata kunyamaza kungetosha, mfiwa hunyamaza. Mwalimu akasema kwa Kiswahili alichojifunza Kenya, polepole, "Hapana, bwana. Hakuna aliyekufa. Barua inasema mimi ni mwalimu wa kanisa, na ndivyo nilivyo. Mtoto huyu amesema uongo kwa sababu ananipenda. Usimguse."

Askari alishtuka kuliko sisi. Akasogea karibu, akashusha sauti, "Mzee, kwa nini unasema?" Nilisikia kwa masikio yangu, alisema kama anayeomba. Lakini mkubwa wake alikuwa ameketi hatua chache, chini ya kipande cha bati, na alikuwa amesikia. Akaita, "Iko nini hapo?" Yule kijana akanyooka. Hakuwa na namna ya kutosikia tena.

Mwalimu akatembea kwenda kwenye gari lao kama mtu aliyeitwa chai. Barua ilikwenda naye. Dereva wetu akaambiwa aondoe basi. Ndani bata peke yake ndiye aliyelia. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema taratibu, mpumbavu yule, kisha yeye mwenyewe akaanza kulia. Jaja aliuweka mkono wake juu ya mdomo wangu, akauacha hapo mpaka Tororo. Ulinuka karanga. Hakunitazama hata mara moja.

Nakaloke walitufungulia kwa sababu mzee wa kule aliijua sura ya jaja. Walipika malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa karanga zetu. Mimi sikula.

Kesho yake wakakaa kwenye ushirika, ndani ya ghala la mahindi. Nikafikiri: Mwalimu alitubu mchuzi, mimi nina shangazi, maiti, mbuzi na muhuri wa shule. Labda amechukuliwa ili alipie uongo wangu. Hivyo ndivyo mtoto anavyopiga hesabu. Nikasimama nikaanza, ndugu zangu, nimetenda dhambi.

Hakuna aliyewahi kumkatiza mtu anayetubu. Jaja alinikamata gauni kwa nyuma akanivuta mpaka nikaangukia mkeka.

"Keti," akasema. "Hiyo hutaitubu. Si hapa wala popote."

Ndipo jaja mwenyewe akasimama. Alitubu kwamba amemkasirikia Mwalimu, kwamba mtoto alimfungulia mlango naye akaufunga, na kwamba hasira hiyo hataki iondoke. Akaketi. Kwa desturi tulipaswa kuimba. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Mwalimu hakuonekana tena, wala hatukupewa mwili. Utawala ule ulipoanguka kufuli likavunjwa, na siku hizi wahubiri wanamtaja: yule aliyekataa kusema uongo. Waumini wanaitikia amina. Mtoto aliyesoma barua hatajwi, na mimi sijawahi kunyoosha mkono nikasema nilikuwapo. Barua zimekwisha, wageni wanalala hotelini. Kusimama kutaja dhambi kumekwisha pia. Sasa watu husimama kushuhudia kwamba Mungu amewapa gari jipya. Waliobambua karanga uani wamezikwa wote, jaja akiwa katikati yao, na hasira yake alikwenda nayo, nadhani.

Mimi sijatubu. Nimelea wajukuu, nimezika mume, nimekwenda mbele madhabahuni kwa mambo mengine mengi, lakini hilo sijalipeleka. Nami ni mzee sasa, siku si nyingi nitamkuta Mwalimu huko aliko. Tutatazamana, na sijui ni nani kati yetu atakayeanza kumwomba mwenzake msamaha.