Randu Dismas, Mwizi wa Nazi Aliyekataa Kuinamisha Kichwa

Alizaliwa Randu mwaka wa 1926, katika kijiji cha Waduruma nyuma ya Mkongani. Tarehe mama yake hakuijua. Alijua tu kwamba mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Baba yake alikuwa mkwezi wa minazi ya watu, mnazi wake mwenyewe hakuwa nao hata mmoja, naye alimrithisha mwanawe mikono mirefu na umaskini uleule. Alipotimiza miaka ishirini Randu alikuwa akiangua nazi katika mashamba ya Diani na Ukunda, mwepesi hata wenzake wakadai kwamba minazi humwinamia. Hilo lisihesabiwe katika miujiza yake. Wakwezi ni watu wa kutia chumvi.

Mwaka wa 1952 aliiba nazi saba katika shamba la Mzee Chirau wa Ukunda, mtu aliyempa kazi na kumlisha. Wapo waumini wapendao kumpunguzia kosa kwa kusema kwamba njaa ilimsukuma, lakini yeye mwenyewe hakuupokea msaada huo hata siku moja. Nyumbani mihogo ilikuwapo. Alitaka kanzu mpya ya kutembelea.

Siku hizo mwizi wa nazi hakupelekwa polisi. Nazi alizoiba zilitungwa kwa kamba ya makumbi, akavikwa shingoni, akatembezwa sokoni huku debe likipigwa na watu wakiimba. Randu aliimbiwa hivi: “Randu, Randu wa nazi, mchana kanzu, usiku kazi.” Adhabu yenyewe ilikuwa ya saa moja, ila wimbo ulikuwa mtamu, na wimbo mtamu hauna huruma. Watoto waliurukia kamba, wanawake waliutwangia mpunga. Mkewe Dama alivumilia wiki tatu kisha akarudi kwao. Randu akakimbilia Ramisi kukata miwa kwa jina la kuazima, na kwa miaka mitano, kila debe lilipogongwa kuwaita wafanyakazi, alitokwa na jasho kabla hajashika panga.

Huko Ramisi alikuwako mlinzi wa ghala aitwaye Tembo, ambaye Jumapili alikuwa katekista. Kwaresima ya mwaka 1957 Tembo aliwasomea wakata miwa habari za Mateso: jinsi askari walivyomvika Bwana vazi la kifalme na taji la miiba, wakamdhihaki, kisha wakamtoa nje ya mji mbele ya watu. Randu, aliyekuja kwa ajili ya kivuli tu, akainuka.

“Huyo naye alikuwa ameiba nini?” aliuliza.

“Hakuiba kitu,” Tembo akamjibu. “Alitembezwa kwa ajili ya walioiba.”

Randu akaketi. Alikuwa ameamini siku zote kwamba Mungu, kama yupo, alikuwa upande wa wenye debe. Sasa alisikia kwamba Mungu mwenyewe alikuwa amevikwa na kuimbiwa, na siku ya tatu akatoka kaburini kichwa juu. Usiku wa Pasaka, padri alipomwuliza jina lake, Tembo alianza kumtajia lile la kuazima. Randu akamkatiza. “Ni Randu,” alisema, “yule wa nazi.” Akaomba jina la Dismas, mwizi aliyesulubiwa kando ya Bwana, akabatizwa kwalo.

Siku ya soko iliyofuata alishuka Ukunda na nazi saba shingoni, alizozinunua mwenyewe, akipiga debe lake mwenyewe na kuimba wimbo wake mwenyewe kwa sauti kuliko wote waliowahi kuuimba. Watu wakacheka, kisha wakaona kicheko chao hakina pa kushika. Akafika barazani kwa Mzee Chirau.

“Shikamoo, mzee. Nazi zako hizi.”

“Marahaba. Miaka mitano, Randu? Zingekwisha kuwa minazi.” Mzee akazipokea, akazitazama moja moja, akamwambia aje kukwea kesho. Jirani zake waliposhangaa, Chirau aliwajibu kwamba mwizi anayejitangaza ni nafuu kuliko mwaminifu asiyejulikana.

Tangu hapo, kila mara mtu alipotembezwa, Randu alijivika nazi zake akatangulia mbele, ili wenye hamu ya kuzomea wamzomee yeye. Baadhi ya wazee wa kanisa walilalamika kwamba anafanya imani kuwa ngoma, na mwaka wa 1960 padri akamkataza. Randu akatii. Mwaka uliofuata mvuvi mmoja wa Jego alitembezwa Ijumaa, na Jumapili akakutwa amejinyonga. Randu alikuwa shambani siku ile ya Ijumaa, juu ya mnazi. Debe alilisikia na hakushuka. Dhambi hiyo ndiyo aliyoililia maisha yake yote. Nazi saba aliwahi kuzichekea. Debe hilo, kamwe.

Tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili baada ya bendera ya uhuru kupanda, walimshika Esha, mjane kijana mwenye watoto wawili, na nazi kumi na mbili. Mji ulikuwa bado umelewa sherehe na ulitaka ngoma nyingine. Padri alimwona Randu akitoka mbio, akamkumbusha katazo.

“Baba, nitakutii katika yote,” Randu alisema. “Hili nitakuja kulitubu.”

Alimkuta Esha amefunika uso kwa leso, haoni aendako. “Kaka, niache,” alimwambia, “mimi nimekwisha kufa.”

“Maiti hatembei, dada. Fungua uso tuone njia.” Akazifungua nazi sita shingoni mwake, akajivika yeye. Kijana mwenye debe akamwambia apishe, leo si zamu yake. “Zamu yangu haijaisha,” Randu akajibu. “Nanyi mmeimba uhuru tangu Alhamisi. Huyu wa kwake aupokee wapi?”

Ndipo Mzee Chirau, Mwislamu wa sala tano, akashuka barazani na bakora yake. “Mimi niliiba za baba yangu,” alisema. “Nipe moja nivae.” Akavaa. Watatu hao wakatembea soko zima, Esha katikati, uso wazi, na hakuna aliyeona njia ya kuendelea kupiga debe. Ukunda haikumtembeza mtu tena.

Esha hakubatizwa, wala Randu hakumwomba. Aliishi, akawalea wanawe, na hadi uzeeni alisimulia kwamba alikuwa amekwisha kukichagua kisima cha kujitupa siku ile. Waumini wanaotafuta muujiza wa Randu Dismas wautazame huo kwanza.

Alifariki dunia Msambweni mwaka wa 1969 kwa homa ya mapafu. Padri aliyemkataza ndiye aliyemzika, akakiri mbele ya kaburi kwamba toba ile aliyoahidiwa hakuwahi kuletewa, naye hakuwahi kuidai.

Anayetaka kumwiga asijisumbue kununua nazi. Akisikia mtu anazomewa barabarani, asimwombee akiwa dirishani. Atoke, amkute, amwulize jina lake, na atembee upande ule yanakotoka mawe.