Kulabu ya Tano

Miaka saba nilisuka nywele katikati ya mji wa Durban huku diploma yangu ya umeme, niliyoipata Lubumbashi, ikilala chini ya godoro. Kwa hiyo siku nilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha mitambo cha ghala la baridi, karibu na bandari, nilichokitambua kwanza kilikuwa harufu. Ilikuwa amonia, ile ile inayokutoa machozi unapompaka mteja rangi ya nywele, ila pale ilikuwa kwa matani, ndani ya mabomba, ikigandisha samaki na kutunza machungwa ya watu. Nilicheka peke yangu. Niliona kama nimerudi saluni.

Kazi ile niliipata kupitia kijana mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja. Alikuwa ameajiriwa pale mwaka mmoja kabla yangu, na ndiye aliyenilazimisha nitoe diploma chini ya godoro. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu nimemzidi miaka kama kumi, nami nilimwita mudogo wangu, na haikuwa heshima ya mdomoni tu. Mume wangu alipolazwa hospitali, yeye na mkewe walikuja na sufuria la bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, siku nne mfululizo, bila kuulizwa.

Kabla ya kupewa zamu nilifundishwa wiki mbili na mzee mmoja wa Kihindi kutoka Chatsworth. Kila mtu alimwita Anko, hata meneja. Anko alikuwa amemaliza karibu miaka yake yote ya kazi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia kule Cape. Aliporudi Durban kustaafu, alichoka kukaa nyumbani akimsumbua mkewe, ghala likamchukua atupangie zamu na maandalizi ya dharura. Naye akatuletea sheria za kule kama zilivyo. Tulimtania sana. Tulimwuliza kama hawa samaki nao wana mionzi.

Jambo lake kubwa lilikuwa ubao uliotundikwa kando ya lango, wenye kulabu tano. Juu ya kila kulabu paliandikwa kazi badala ya jina la mtu. Ya kwanza ya mkuu wa zamu, ya pili ya anayekaa kwenye paneli ya mitambo, ambaye ni mimi. Ya tatu na ya nne za mafundi wawili wa kuingia ndani na barakoa na mitungi ya hewa. Ya tano, ya mudogo wangu, ni ya anayesimama mlangoni naye akiwa amevaa tayari, ili wale wawili wakikwama awepo wa kuwatoa. Ukifika kazini unatundika kadi yako yenye picha. Zamu ya usiku haitoki mpaka kulabu zote tano ziwe na kadi.

"Siku nzuri," Anko alituambia, "watu wawili wanatosha kuendesha ghala hili, na wa tatu awachemshie chai. Hawa watano ni wa siku mbaya, na siku mbaya haipigi simu kwanza."

Kisha akaongeza kitu ambacho nilikiandika kwenye daftari na kukisahau siku hiyo hiyo. Hatari ikitokea, ubao ule ule unachukuliwa hadi uwanjani watu waitwe. Kadi isiyo na mtu wa kuiitikia ina maana kuna mtu bado yuko ndani.

Meneja naye alikuwa na sheria yake. Ukichelewa unarudishwa nyumbani bila malipo ya siku, na ukichelewa mara ya tatu kazi imekwisha. Mudogo wangu alikuwa tayari na mara mbili. Mkewe alikuwa akisafisha ofisi za mjini, anatoka kabla hakujapambazuka, na mama anayelea watoto kule Sydenham hafungui geti lake mpaka saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili kamili ndipo zamu yetu inapoanza. Mtoto wao alikuwa wa miaka miwili, wa kubebwa kila mahali, na hodari wa kuvua viatu.

Alinifuata siku moja penye bomba la kunawia mikono.

"Yaya, niko nakuomba kitu kimoja. Kadi yangu nitaiacha ku droo yako. Asubuhi unitundikie tu. Dakika makumi tatu, haiko mingi."

"Na wakikutafuta?"

"Nani atanitafuta? Mimi ninaanzaka na kuzunguka inje kusoma zile geji. Hakuna mutu ananionaka mpaka saa moja. Eish, yaya, wakinifukuza tutakula nini?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilitundika. Nikatundika kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine. Nitasema ukweli: nilijiona mwema. Ugenini unambeba wa kwenu, ndivyo tulivyoishi wote katika mji huu, na kadi ile ya plastiki ilikuwa nyepesi kuliko masufuria ya sombe aliyoniletea. Kila nilipoiweka kwenye kulabu ya tano nilikuwa na kaburudiko kadogo moyoni, kama mtu aliyetoa sadaka.

Asubuhi ya siku mbaya, zamu ya usiku iliangalia ubao, ikaona kadi tano, ikaondoka zake. Mkuu wetu wa zamu, Mzulu wa makamo tuliyemwita Baba, alipita kwenye paneli kunisalimia kwa mkono kama kila siku. Alikuwa na goti bovu na wajukuu watatu, na aliniita Mama ingawa umri wetu haukupishana sana. Dakika ishirini baadaye taa nyekundu iliwaka mbele yangu na king'ora kikalia. Pampu moja ilikuwa inavuja.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilizima mitambo, nikafunga vali zote zinazofungwa kutoka kwenye paneli, nikatoka nikikinga pua na kilemba changu. Tulikutana uwanjani, upande ambao upepo ulikuwa unatoka. Baba alikuwa na ubao mikononi. Mafundi wawili walikuwepo. Mmoja wao, mdogo, mkewe alikuwa amejifungua mwezi ule. Mimi nilikuwepo. Baba akaita jina la kulabu ya tano.

Akaita tena. Akaangalia picha kwenye kadi, akaangalia mlango wa chumba cha mitambo ambapo ukungu mweupe ulikuwa umeanza kutambaa chini.

"Alikuwa anasoma geji," fundi mkubwa akasema. "Labda aliingia kuangalia pampu."

Baba hakupoteza muda. Akamwambia fundi mdogo akae mlangoni, akisema yeye mwenyewe anakijua chumba kile vizuri zaidi, akachukua barakoa ya yule mdogo na mtungi wake, akaanza kufunga mikanda. Vidole vyake vilikuwa vinene, mikanda ilimsumbua. Fundi mkubwa alikuwa tayari amevaa.

Na mimi nilisimama kimya. Hili ndilo ninalolionea aibu mpaka leo, na siwezi kuliandika kwa namna nzuri. Nilijua hakuna mtu ndani. Nilijua watu wawili wanakwenda kutafuta kadi ya plastiki kwenye gesi inayochoma macho na mapafu, na goti lile bovu, na kwamba aliyepaswa kuwatoa wakikwama alikuwa bado njiani kutoka Sydenham. Na bado nilikuwa nikiwaza: nikisema, kazi yake imekwisha, na yangu pia, na ni mimi niliyemwahidi. Niliwaza hivyo kwa muda wa kufunga mkanda mmoja, na wa pili. Baba akaanza kutembea, akichechemea.

"Baba! Hayupo!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hayupo ndani. Hajafika kazini. Kadi nimetundika mimi!"

Alikuwa amebakiza hatua chache afike mlangoni. Aligeuka. Kupitia kioo cha barakoa niliona macho yake, na afadhali angenipiga. Alivua barakoa polepole.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimekuwa nikimtundikia kila siku."

Hakunifokea. Alirudi, akahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, wanne, akasema kwa kuwa hakuna mtu ndani na sisi ni wanne tu, hakuna atakayeingia. Akawapigia simu zimamoto. Tukasubiri mbali na ukungu. Waliofika walikuwa na watu wa kutosha na vifaa vya kutosha, na kabla ya saa tatu ilikuwa imeonekana kuwa ni mpira wa pampu uliochoka, nao ulibadilishwa.

Lakini kabla ya hapo, tukiwa bado tunasubiri, mudogo wangu alitokea langoni akikimbia, jasho linamtoka, kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Binti yake alikuwa amekivua kwenye taksi tena. Alipotuona tumesimama uwanjani na king'ora kinalia, akaelewa kila kitu kwa mara moja, akaketi chini palepale kwenye lami. Baba alimwendea. Nilidhani sasa ndipo atalipuka. Alimwekea kiganja kichwani tu, kama mtu anayehakikisha kitu kipo.

"Tano," akasema.

Kisha akarudi kusimama peke yake.

Kikao kilifanyika siku iliyofuata. Meneja alikuwa ameshaandaa barua mbili, niliziona mezani. Mimi nilikiri yote na mudogo wangu akakiri yote. Hasira yote niliyokuwa nayo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Anko aliitwa kutoka nyumbani Chatsworth. Alisikiliza, akafuta miwani, akaitazama ile kadi.

"Huyu mama alidanganya, na uwongo wake ulikaribia kuua mtu," alisema, na kila neno liliniingia. "Lakini nina swali. Kule nilikofanya kazi, mtu akikosekana ghafla kwenye zamu, kitu cha kwanza ni kumtafuta wa kushika nafasi yake, upesi. Aliyekuwepo anabaki mpaka apokelewe. Maneno ya adhabu baadaye. Hapa petu, kwa nini imekuwa rahisi kudanganya kuliko kupiga simu?"

Meneja alizigeuza zile barua mbili kifudifudi. Baba, ambaye hakuwa ameniangalia tangu asubuhi ya jana yake, akasema naye angependa kusikia jibu.

Hatukufukuzwa. Tulipewa onyo la mwisho kila mmoja, na ile sheria ya kurudishwa nyumbani ikafutwa. Ikawekwa nyingine: ukijua utachelewa piga simu mapema, mwenzako wa usiku atabaki kwenye nafasi yako na atalipwa, na mkono wa mtu mwingine usiguse kadi yako. Alipatikana mzee mmoja wa zamu ya usiku, asiye na wa kumwahi nyumbani, ambaye alifurahi kubaki hadi saa moja kila siku akinywa chai na kusoma gazeti la jana kwenye nafasi ya mudogo wangu. Siku ya kwanza ya utaratibu huo nilisimama mbele ya ubao nikaiangalia kadi ya yule mzee ikining'inia kwenye kulabu ya tano, picha yake yenyewe, na mwenyewe nyuma yake anakoroga sukari. Nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo ile sadaka yangu ya uwongo haikuwahi kunipa.

Mudogo wangu bado yuko. Binti yake siku hizi anatembea mwenyewe mpaka getini kwa yule mama wa Sydenham, na viatu vyote viwili.

Kwa Baba tu ndiko mambo hayakurudi kama zamani. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi, kwa sababu malezi yake hayamruhusu kupita bila kusalimia, lakini mkono wake ulikuwa mfupi na macho yakawa kwenye geji. Lile neno Mama lilikwisha. Akinihitaji alisema "wa paneli". Sikumlaumu. Kila nilipomwona akipanda ngazi na goti lile, nilikumbuka nilikokaribia kulipeleka.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa kubwa, niliamka nikakuta barabara yetu imejaa maji na taksi hakuna. Nilitembea mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, viatu mkononi, na palepale nilijua sitafika saa kumi na mbili. Nikatoa simu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchelewa tangu yale yatokee. Akapokea Baba mwenyewe.

"Baba, nimekwama kwenye maji. Nitachelewa. Labda saa nzima."

Nilisikia mitambo ikinguruma nyuma yake. Kisha akaongea, kwa kile Kizulu cha polepole anachozungumza nami ili nisipotee.

"Sawa. Wa usiku amebaki kwenye paneli, ameshaketi. Usikimbie kwenye maji, Mama. Tunakungoja."

Nikakata simu, nikalia palepale penye robot, mvua ikininyeshea, taa zikibadilika mbele yangu na hakuna gari la kuzitii. Halafu nikaendelea kutembea, polepole, kama nilivyoambiwa.