Maji Ndani ya Kipimo cha Bati

“Baba mdogo, kwani siku hizi maharage yanauzwa na mchuzi wake?”

Moza aliuliza hivyo akiwa darasa la nne, siku alipomkuta Nurdin anamimina maji kwenye kipimo cha maharage. Nurdin alicheka tu, akamwambia anywe chai isipoe.

Nurdin alitoka Tunduru na vitu viwili: mkasi wa bati na kijiti cha mpingo cha kupimia alichoachiwa na baba yake, fundi bati kama yeye. Kibanda chake kiko Gerezani, mahali ambapo basi la mwendokasi likipita kila kopo linatetemeka. Anawatengenezea wauza nafaka wa Kariakoo vipimo vya pande sawa: urefu sentimita kumi, upana kumi, kina kumi. Kumi mara kumi mara kumi, elfu moja. Hiyo ni lita kamili. Ukimwuliza mambo, atakujibu, “Poa kama bati la alfajiri,” na ukimtazama anavyogonga huku akiimba, unaamini.

Mwaka huu, Moza akiwa kidato cha pili, Bi Badriya mwenye duka la nafaka aliagiza vipimo thelathini.

“Fundi aliyepita kanigombanisha na wateja,” alisema. “Wewe nakujaribu mara moja tu, Nurdin.”

Wiki hiyohiyo kijiti kikapotea. Nurdin akaazima rula ya Moza, akakata bati kumi kwa kumi, akakunja kingo, akalehemu. Bomba la mtaa nalo lilikauka siku tatu, kwa hiyo hakujaza maji hata kipimo kimoja. Maji yaliporudi Ijumaa asubuhi, vyote thelathini vilikuwa vimepangwa, vinang’aa. Akamimina lita ya kwanza. Ikafurika, ikamlowesha kandambili.

Moza alitumbukiza rula ndani. “Tisa, baba mdogo. Huku pia tisa. Na kina tisa.”

Nurdin akajishika kichwa. Kijiti cha baba yake kilikuwa na urefu wa kumi na moja. Ile moja ya ziada ni ya mkunjo. Miaka yote kijiti ndicho kilichokuwa kikikumbuka, si yeye.

“Sentimita moja tu hiyo,” alisema Beno, fundi breki wa kibanda cha pili. “Mpe mama wa watu mzigo wake. Nani ana macho ya sentimita?”

“Moja kila upande, mjomba Beno,” Moza akasema. “Tisa mara tisa mara tisa, mia saba ishirini na tisa. Zaidi ya robo imeliwa.”

Beno akarudi kwenye breki zake.

Bi Badriya alifika baada ya swala.

“Shikamoo, Bi Badriya.”

“Marahaba, fundi. Mashallah, vimekaa vizuri.”

Nurdin alishusha kipimo kimoja mezani. Akachukua chupa ya lita, akamimina mbele yake. Maji yakafurika mezani, yakachuruzika mpaka pindo la baibui.

Bi Badriya akayatazama maji, akamtazama fundi. “Ungenyamaza, ningebeba.”

“Najua, mama.”

“Haya, hivi vidogo nitavitilia iliki na mdalasini. Vya lita nivikute Jumatano.”

Nurdin alichonga kijiti kipya cha kumi na moja. Jumatano alimimina mara thelathini, na mara thelathini maji yalisimama mdomoni, yametulia. Akaanza tena kuimba.

“Baba mdogo,” Moza akasema, “tangu darasa la nne hujanijibu. Kwa nini cha maharage unakipima kwa maji?”

Nurdin alikifuta cha mwisho kwa shati lake.

“Maharage yana huruma, mwanangu. Yakikosa nafasi yanapanda juu, yanajipangia kilima, wewe unaona kipimo kimejaa. Maji hayajui kumsitiri fundi.”