Sauti ya Mama Ilivyosawazishwa

Dada yangu mkubwa wanamwita Mama Sauti. Kibanda chake kimebanwa kati ya saluni na duka la vipuri: meza moja, kompyuta ambayo kibodi yake imeng'oka herufi, spika mbili na feni isiyozunguka. Watu humletea flashi awajazie nyimbo. Kazi hiyo wengi wanaiweza, ila yeye ana programu ya kusawazisha sauti. Wimbo unaonong'ona unapandishwa, unaopiga kelele unashushwa, na hata ndani ya wimbo mmoja, pale palipofifia panainuliwa. Madereva wanampenda kwa hilo. Mkono haubanduki kwenye usukani kutafuta kitufe.

"Mimi naokoa ndoa za watu," huwatania. "Mke anataka juu, mume anataka chini, nawapa katikati."

Nami nilimpelekea kadi ya kumbukumbu ya simu yangu. Ndani kulikuwa na nyimbo za kawaida, na sauti ya mama yetu akimbembeleza mwanangu, niliyoirekodi kabla hajatutoka. Mama alikuwa na namna yake: kadiri mtoto alivyosinzia, ndivyo alivyopunguza sauti, mpaka mwisho ikabaki pumzi tu. Sina nyingine.

"Dada, hizi zote sawazisha. Ya mama usiiguse."

"We nawe. Kwani mama ni wako peke yako?"

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mdogo wangu. Hebu lete mtoto nimbebe."

Kesho yake nikaifuata. Alinipa huku anahangaika na waya, hakuniangalia usoni. Nikadhani kachoka.

Mchana nikamlaza mtoto, nikamwekea bibi yake. Alianza vizuri, macho ya mtoto yakalegea. Kisha pale mama anaposhuka, hakushuka. Aliendelea kwa nguvu ileile, na mlio wa kiti chake ukapanda pamoja naye. Ile pumzi ya mwisho ilitoka kama mtu anakoroma sikioni. Mwanangu akashtuka, akalia.

Nikambeba hivyo hivyo mpaka kibandani.

"Nilichagua folda nzima," dada alisema kabla sijafungua mdomo. Kumbe alikuwa ananisubiri.

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Programu inaandika juu ya ileile, ya mwanzo inafutika. Huwa natunza nakala kwanza. Jana kulikuwa na foleni."

"Kwa hiyo ulijua tangu jana."

Akafuta meza isiyo na vumbi. "Nilisikiliza. Nikasema labda hutagundua. Mbona sasa kila neno linasikika."

"Wewe ulilazwa na sauti hiyo kabla yangu, dada."

Mteja akaingia na flashi, dada akaipokea, "karibu kaka," kwa uchangamfu wake wa kila siku. Hapo ndipo nilipoumia.

Siku hizi namlaza mtoto kidole kikiwa kwenye kitufe cha simu, napunguza kidogo kidogo pale ninapodhani mama alipunguza. Dada akija kubisha hodi, namjibu kupitia dirisha kwamba mtoto kalala, hata kama yuko macho, ananichekea mapajani.