Neno Nililomdai Kocha

Kocha amefariki. Habari nilizipata Jumanne asubuhi, nikiwa bado ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini huku Eagan, kupitia ujumbe mfupi wa mtoto wa kaka yangu. Nyinyi wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba michezo si fani yangu, na besiboli ndiyo kabisa: mpaka leo siwezi kuwaeleza kwa nini mtu akimbie kwa bidii yote ile ili arudi pale pale alipoanzia. Lakini yule mzee, aliyefundisha timu ya chuo kimoja kidogo cha hapa Minnesota, alinitia udadisi kwa miaka, na kifo chake kimeniachia jambo ambalo sina budi kulisema kwa sababu linanihusu.

Tulijuana siku alipokuja Apple Valley, nyumbani kwa kaka yangu, kumwomba kijana wetu, huyo huyo mtoto wa kaka, akachezee timu yake. Kwa makocha wa vyuo hiyo ni ziara ya kawaida: kocha hukaa nusu saa, hueleza masomo na ufadhili, huaga akaenda zake. Sisi tuliposikia kuna mtu anakuja rasmi kumwomba mtoto, tulijipanga kana kwamba tunapokea posa. Wajomba wakaitwa, mbuzi akatafutwa kwa mkulima, chapati zikasukumwa tangu asubuhi. Maskini kocha akaingia na faili lake, akavua viatu mlangoni, akaombewa, akatambulishwa kwa watu kumi na wanne mmoja baada ya mwingine. Kila akifungua faili, mjomba mmoja anamwambia, “Kula kwanza, kocha, hayo makaratasi hayatoroki.” Alikuwa na familia nyingine ya kuitembelea siku hiyo. Hakufika.

Hatimaye aliruhusiwa kusema, na alisema vizuri. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikauliza, maana shangazi hanyamazi siku kama hiyo: “Kocha, sisi hatumkabidhi mtoto kwa majengo, tunamkabidhi kwa mtu. Utakuwepo mpaka amalize?” Alifunga faili lake, nikadhani Kiingereza changu kimempita. Kisha akasema, “Miaka minne. Nitakuwepo.” Tukapiga makofi, nikammiminia chai nyingine.

Baadaye ndipo nikaanza kudadisi hiyo kazi yenyewe, na jamani, ni kazi ya ajabu. Kocha wa chuo huanza kama msaidizi wa msaidizi, akifua jezi na kuendesha basi la timu, na hupanda ngazi kwa kuhama. Leo yuko mji huu, kesho simu ikilia anafungasha. Anayekaa mahali pamoja muda mrefu huonekana hakuitwa na mtu. Na huku kwetu ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa mchezo wao unataka jua, nasi uwanja unaweza kulala chini ya theluji hadi Aprili huku vijana wakirusha mipira ndani ya ukumbi. Mwaka wa tatu wa kijana wetu nilimkuta kocha akizoa theluji uwanjani kwa koleo, yeye mwenyewe, kocha mkuu. Nikamuuliza mbona hakuhamia kusini kama wenzake. “Nina shughuli kidogo hapa,” akasema, akaendelea kuzoa. Nikacheka, nikaenda kukaa garini penye joto.

Jumamosi tulikwenda kumzika. Nilipofika mbele ya mjane nikasema pole, nikajieleza kwamba sisi ni wale wa Apple Valley. Akanishika mkono, hakuuachia. Akanisimulia kwamba katika mwaka wa pili wa kijana wetu, mumewe alipigiwa simu na chuo kikubwa cha kusini. Walitaka kumpa ukocha mkuu, kazi aliyoiota tangu akiwa anafua jezi. Akawaomba wamsubiri miaka miwili. Hawakumsubiri, wala hawakupiga tena, wala hakuna mwingine aliyepiga.

“Nilimuuliza amemwahidi nani,” alisema mama yule. “Akanijibu kuna shangazi mmoja wa Kikenya alimuuliza swali.”

Nikamwambia, “Shangazi huyo ni mimi.”

Akaniangalia sana. “Basi nimekuchukia miaka mingi bila kukujua,” akasema, na sikuona chuki machoni pake, niliona uchovu tu. “Yeye hakukuchukia. Kijana alimaliza?”

“Alimaliza.”

“Vizuri,” akasema, akageukia aliyenifuata.

Kijana mwenyewe alikuwa akijua. Nilipomuuliza ndani ya gari, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kocha alimkataza kutuambia, tusije tukajiona na deni. Tangu siku hiyo nimejipima mara nyingi. Swali lenyewe silijutii, na mtoto mwingine akiombwa kesho nitaliuliza tena. Ninachojutia ni kwamba mtu alinipa jibu lililobeba maisha yake yote ya kazi, nami nikalipokea kama adabu za mgeni, nikaenda kuosha vyombo. Ukimdai mtu neno akakupa, usimwache nalo peke yake. Rudi umuulize linamgharimu nini, na umshukuru akiwa bado anakusikia. Mimi nilikuwa na miaka ya kufanya hivyo, na shukrani yangu ya kwanza niliitoa mbele ya jeneza.